Kilo Sita za Kwenda Ibaba

Mimi huwa sina subira na mtu anayebeba boga mlimani. Nimemwona mmoja kwa macho yangu, mwalimu wa sekondari kabisa, ametia boga zima kwenye begi la mgongoni kwa sababu mama yake alimwambia asitegemee biskuti. Boga ni maji. Ukibeba boga umebeba maji yenye ganda, na maji unayafuata huko huko uendako. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake, akanuna, lakini safari iliyofuata alikuja kwangu Tunduma kununua chakula kikavu kama watu wengine wenye akili.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Naitwa Ruti. Nilianza kwa kuwapikia madereva wa malori wanaokaa foleni mpakani siku mbili tatu, nikaona wengi wanataka kitu cha kutia kwenye maji ya moto wale, kisichochacha ndani ya gari. Nikaanza kukausha. Ndipo akaja Mwalimu Barnaba wa Vwawa na kikundi chake cha watu wanaopanda milima kwa miguu kwa hiari yao, na bodaboda zipo. Wanalala kwenye vihema, wanarudi Jumapili jioni wamechubuka visigino na furaha tele. Sikuwaelewa, na mpaka leo siwaelewi vizuri, ila shida yao niliijua mara moja: walikuwa wanabeba mizigo ya kwenda gulioni. Nikawatengenezea vifurushi. Mtu mmoja, siku moja, gramu mia sita na hamsini za chakula kikavu, basi. Kila mlo una mfuko wake, na juu nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: siku ya kwanza asubuhi, siku ya kwanza mchana, na kuendelea. Huna haja ya kufikiri. Ukifika mahali unafungua mfuko, unatia maji, unakula, unashukuru.

Kwa hiyo mwezi wa tisa, mume wangu Ipyana aliponiambia kuwa baba yake anataka kutoka Ihanda kurudi Ibaba kwa miguu, siku tatu, kwa njia ya zamani ya vilimani, sikushtuka kuhusu chakula. Nilishtuka kuhusu mengine yote.

Mzee alikuwa amekuja Ihanda kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wake, aliyehamia huko zamani akapanda kahawa. Alikuja kwa gari. Harusi ilipokwisha akatangaza kuwa hapandi tena gari. Ujanani walikuwa wanatoka Ibaba, huko Ileje, kwa miguu kuja Mbozi kuchuma kahawa, wanatembea siku tatu wakilala kwa watu, na sasa alitaka kuipita ile njia mara moja zaidi wakati magoti bado yanamsikia. Ana miaka sabini na moja. Ipyana alimsihi, mdogo wake akamsihi, mchungaji akaitwa akamsihi. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akaenda kujitafutia fimbo.

Hatungeweza kumwacha aende peke yake. Na Ipyana, mume wangu mpenzi, fundi hodari wa matairi, hawezi kupika. Simsingizii. Alishawahi kuunguza maji ya chai mpaka sufuria ikatoboka. Ikabidi niende na mimi.

Hapo ndipo penye kazi, na lazima nieleze jambo la ukoo wa mume wangu. Wao ni Wandali wa Ibaba, mimi ni Mnyiha wa Mbozi. Kwao mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Humtazami usoni, hamsalimiani, hulitaji jina lake, ndiyo maana na hapa hutalisikia. Huingii nyumbani kwake. Sahani humpi kwa mkono wako, anaipeleka mtu mwingine. Hiyo si chuki, ni heshima, na siku za mwanzo za ndoa niliiona ni nafuu, maana hapakuwa na mkwe wa kunigombeza kuhusu chumvi. Siku hizi wengi wameacha. Baba mkwe wangu hajaacha, kwa sababu ni mzee wa kanisa na pia mzee wa ukoo, na vyeo vyote viwili anavivaa mpaka vifungo vya shingoni.

Anayeweza kuifungua mila hiyo ni yeye peke yake. Siku akiamua, anapokea chakula mkononi kwa mkwewe, na tangu hapo mkwe anakuwa binti wa nyumba. Ila haombwi. Ukimwomba umeshamkosea, na huenda asiamue kamwe.

Kwa miaka kumi niliishi bila kulifikiria sana. Tulikuwa tukienda Ibaba, mimi nafikia kwa jirani, mama mkwe ananifuata huko, tunapiga soga mpaka tunachoka. Mama mkwe alikuwa rafiki yangu, naweza kusema hivyo. Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, alifariki. Mzee akabaki peke yake kwenye ile nyumba juu ya kilima. Tulimtafutia dada wa kumpikia, akamrudisha kwao baada ya wiki mbili. Tukamtafutia mwingine, huyo hakumaliza hata wiki. Tulimwomba aje akae nasi Tunduma, akauliza, kwa kupitia kwa Ipyana, mkwewe atapitia wapi kwenye nyumba ya vyumba viwili na ukumbi. Akabaki huko huko. Kila Ipyana alipotoka kumtembelea alirudi na habari ile ile: amepungua. Mkanda umeongezwa tundu. Kwenye harusi pale Ihanda nilimchungulia kwa mbali nikiwa nyuma ya wapishi, na koti la suti lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa ukutani. Nikaumia. Mimi ninalisha nusu ya madereva wa barabara hii, na mtu mmoja wa kwangu anakufa njaa kwa sababu sina ruhusa ya kumkaribia.

Basi nilisema moyoni, hizi siku tatu nitamlisha, hata kama ni kwa mkono wa mtu mwingine. Nilitaka ale, apate nguvu, na kama Mungu akipenda, aone kuwa anahitaji mpishi. Zaidi ya hapo sikuthubutu kutaka, ingawa ukweli ni kwamba nilitaka.

Niliandaa kwa siku tano. Watu watatu, siku tatu, kilo sita kasoro kidogo. Maharage niliyachemsha mpaka yakalegea, nikayaponda, nikayatandaza kwenye sinia juani mpaka yakawa magamba makavu. Maharage ya kawaida ukiyapeleka kwenye baridi ya Ileje utayachemsha hadi ndevu ziote, lakini haya yangu ukiyatia maji ya moto dakika kumi yameiva. Huo ni uvumbuzi wangu na ninajivuna nao. Nyama kavu nilinunua kwa Faudhia, ambaye watu wake ni wafugaji waliohamia Momba bondeni na wanajua kukausha nyama kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nikakausha nyanya, vitunguu na majani ya kunde. Nikachukua dona kwa ajili ya ugali, unga wa ulezi kwa ajili ya uji, karanga nikazikaanga nikazitwanga.

Na dagaa. Dagaa ndio nilioweka kwa moyo wote. Nilipoolewa, mama mkwe aliniambia jambo moja kwa uzito: "Mwanangu, baba yako asipoona dagaa, hajala." Mimi ninakaa Tunduma, ambapo dagaa wa ng'ambo ya mpaka, wenyewe wanawaita kapenta, wanapita mbele ya mlango wangu kila siku. Ningeachaje? Kwa miaka kumi na moja, kila mwisho wa mwezi, nimetuma kiroba cha dagaa Ibaba. Mama mkwe alipofariki sikupunguza, niliongeza, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika kuwa mzee anakipenda. Kwa hiyo kwenye vifurushi vya safari niliwatia kwenye maharage, nikawatia kwenye nyama, na waliobaki nikawasaga wakawa vumbi, nikachanganya kwenye unga wa uji. Siku tatu nzima hapakuwa na mlo usio na dagaa isipokuwa ugali wenyewe. Ipyana aliponusa mifuko alisema tutafuatwa na paka mpaka Ibaba. Nikamwambia afunge zipu.

Kwangu mwenyewe nilijiwekea kimfuko kidogo nje ya hesabu, cha matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani. Faudhia ndiye aliyenifundisha kuyatengeneza, na huwa nayatafuna njiani nikitembea.

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Utaratibu ulikuwa hivi: mzee mbele na fimbo yake, Ipyana katikati na begi kubwa, mimi nyuma hatua hamsini, nimejitanda khanga kichwani. Macho yangu yaliruhusiwa kufika kwenye viatu vya mzee tu, na kwa umbali ule hata viatu sikuviona vizuri. Tulipita mashamba ya kahawa, tukashuka bonde, tukapanda, tukashuka tena. Hali ya hewa ilikuwa nzuri mno, ubaridi wa asubuhi na jua la upole, na kwa mara ya kwanza nikahisi kidogo kile wanachokifuata akina Mwalimu Barnaba. Unatembea na nyumba yako na jiko lako mgongoni, humwombi mtu kitu. Niliimba kimoyomoyo, maana kwa sauti isingefaa.

Kila tuliposimama niliwasha moto nyuma ya kichaka, nikapika, Ipyana akapeleka sahani. Mchana wa kwanza ilirudi nusu. Nikasema ni uchovu. Jioni, pale tulipopiga kambi karibu na shule, ugali ulikwisha wote lakini mboga ilirudi kama ilivyokwenda.

"Amesemaje?" nikamuuliza Ipyana.

"Amesema asante."

"Asante na mboga imebaki?"

"Labda ni meno. Wee mke wangu, mzee katembea kutwa nzima, mwache apumzike."

Sikuridhika. Nilionja ile mboga mara mbili. Chumvi sawa, dagaa wa kutosha, nilikuwa nimewasafisha vichwa mmoja mmoja. Asubuhi ya pili nikaongeza unga wa dagaa kwenye uji, vijiko viwili vilivyojaa, ili apate nguvu. Uji ulirudi wote. Mzee alikunywa maji tu, tukaanza kupanda.

Kilima cha siku ya pili hakina utani. Njia imekatwa ubavuni, upande mmoja mawe, upande mwingine mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, na upepo usiokata. Kufikia saa sita nikaona fimbo ya mzee inachelewa. Anaichomeka, anasubiri, ndipo anavuta mguu. Ipyana naye aliona. Wakasimama kwenye mawe fulani bapa, mahali ambapo Ipyana alikumbuka pana chemchemi. Chemchemi ilikuwa tope kavu lenye nyayo za mbuzi. Tulikuwa tumebakiwa na maji ya kupikia mlo mmoja, na chupa yangu ya kunywa.

"Nitashuka bondeni," Ipyana akaniambia, ameshika madumu mawili. "Nyumba zile pale. Nusu saa kwenda, kupanda nitakawia kidogo. Wewe pika."

"Na nani atapeleka?"

Akanitazama, akamtazama baba yake aliyekaa kwenye jiwe, akakuna kichwa. "Nitarudi kabla hakijaiva."

Hakurudi kabla hakijaiva. Nilishasema, maharage yangu yanaiva kwa dakika kumi. Nikawa nimekaa nyuma ya kichaka na sufuria iliyojaa, mvuke unatoka, na hatua ishirini kutoka pale amekaa mzee ambaye hakula asubuhi. Nilichungulia kati ya majani, najua sikutakiwa. Paji la uso alikuwa ameliegemeza kwenye fimbo. Alikuwa amefumba macho.

Hofu niliyoipata siwezi kuipunguza hapa. Niliona anaanguka mbele yangu, na mimi nimekaa na chakula chungu nzima, nasubiri mtu wa kukibeba hatua ishirini. Nikataka kupiga kelele kumwita Ipyana, lakini Ipyana alikuwa kidoa chini huko. Kumsemesha mzee sikuweza. Ulimi wenyewe ulikataa, baada ya miaka kumi na moja.

Nikaisemesha sufuria.

"Sufuria," nikasema kwa sauti ya kutosha, uso nimeugeuzia upande wa pili. "Chakula kimeiva. Mwambie mwenye njaa kwamba wa kukipeleka hayupo, na kikipoa hakitakuwa kizuri."

Upepo ukapita. Niliona aibu, mwanamke mzima naongea na chombo. Kisha nikasikia fimbo inagonga jiwe mara moja.

"Fimbo," ilikuwa sauti ya mzee, taratibu, kavu kidogo. "Iulize hiyo sufuria kama ina dagaa."

"Sufuria," nikajibu haraka, "mwambie wamo, tena wengi. Asiwe na wasiwasi."

Fimbo ikagonga jiwe tena.

"Fimbo, iambie sufuria tutasubiri tu."

"Tutasubiri nini?"

Hilo nililisema bila kupitia kwa sufuria, lilinitoka. Nikajirekebisha. "Sufuria, muulize, kwani mwenye njaa hali dagaa?"

Nikasikia anashusha pumzi. Akaongea na fimbo yake kama mtu anayeungama. Alisema akiwa kijana alivuka mpaka akafanya kazi kambini ng'ambo miaka miwili, wakalishwa kapenta asubuhi na jioni, Jumapili hadi Jumapili, mpaka harufu yake ikawa inamtapisha. Tangu aliporudi hajawahi kumtia mdomoni hata mmoja. Miaka hamsini, na hata Ipyana hajui, maana watoto walikuwa wanakula jikoni na mama yao.

Niliganda na mwiko mkononi. "Sufuria," nikasema, "mwambie mama alisema, asipoona dagaa, hajala."

Na hapo mzee akacheka. Sikuwahi kukisikia kicheko chake. Kilianza chini, kikamshika kifua, akakohoa, akaendelea kucheka.

"Fimbo," akasema alipopata pumzi, "iambie sufuria, yule mwanamke alikuwa anapenda dagaa kuliko mimi mumewe. Viroba vyote alikula yeye. Kiroba kikifika alikuwa anajifungia jikoni kama mwizi. Mimi nilikuwa nakula kunde na viazi, naye ananiambia, usimwambie mtoto wa watu, ataacha kuleta."

Nikakumbuka mama mkwe alivyokuwa ananisindikiza mpaka barabarani, ananishika mkono, anasema mzee anashukuru sana kwa dagaa. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nimeziba mdomo kwa khanga. Lakini baadaye kidogo kicheko kikaniishia, maana nikafanya hesabu. Tangu azikwe, miezi kumi na tano, nimekuwa nikituma viroba viwili viwili, na hivyo ndivyo nilivyohesabu kuwa nimemlisha.

"Sufuria, muulize, vile viroba vya mwaka huu vimekwenda wapi?"

"Fimbo, sema kuku wa majirani wote wananuka dagaa. Mayai yenyewe yananuka."

"Kwa nini hakusema? Angemwambia mwanawe, si angeniambia?"

"Fimbo," akasema, na sasa hakuwa anacheka, "nilitaka kusema. Kila nikitaka nikaona, nikisema, nitamlaumu mkwe kwa kosa ambalo si lake. Au nitamtaja marehemu kuwa mwongo, naye hawezi kujibu. Nikaona njaa ni nafuu."

Nikavuta begi kubwa nikafungua mifuko yangu yote, ile niliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Siku ya pili jioni, dagaa. Siku ya tatu asubuhi, dagaa. Nyama ya Faudhia, dagaa wamekaa kati yake. Hata uji nilishauharibu. Miaka yote hii nawasema watu wa maboga, na mimi nimempandisha mzee wa watu mlimani na kilo sita za kitu kinachomtapisha.

Kilichobaki kisafi kilikuwa dona, karanga zangu za kutwanga, na kile kimfuko cha matobolwa. Ugali usingewezekana kwa maji yaliyokuwepo. Nikachukua kisufuria kidogo cha chai, nikamimina chupa yangu ya kunywa yote, nikakata matobolwa vipande, yakachemka kidogo tu, yakalainika. Nikayaponda na karanga na chumvi kidogo mpaka yakawa mazito na yakang'aa mafuta. Nikayaonja. Yalikuwa matamu, nasema kweli, matamu kuliko vyote nilivyopika safari nzima.

"Sufuria ndogo," nikasema, "mwambie hiki hakina dagaa. Nitakiweka kwenye jiwe bapa pale katikati, kisha nitarudi nyuma ya kichaka. Mila haijaguswa."

"Fimbo, sema sawa."

Nikaenda nimeinamisha kichwa, nikaweka sahani, nikarudi nikakaa, nikasikiliza. Hatua za polepole. Sahani ikainuliwa. Kijiko kikagonga, kikagonga tena, halafu kikawa hakitulii. Nilikaa nimekumbatia magoti yangu, nikihesabu vijiko, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata kwa dereva aliyenisifia mpaka Lusaka.

Kijiko kilipokoma kugonga nilingoja nisikie sahani inarudishwa kwenye jiwe. Haikurudishwa. Nilichosikia ni fimbo, inachomekwa, inasubiri, inachomekwa. Nikainamisha macho yangu chini, mahali yanaporuhusiwa. Vikaja viatu vya mzee, vile vyeusi vya kanisani alivyokataa kuvibadilisha. Vikalipita jiwe bapa. Vikazunguka kichaka. Vikasimama upande wa pili wa moto wangu.

Sahani tupu ikashuka mbele ya uso wangu, imeshikwa na mkono wenye mishipa.

"Ruti," akasema. "Imebaki?"

Nikapiga magoti, nikaipokea kwa mikono miwili. Kulikuwa na kidogo sufuriani, nikakwangua chote. Nikamnyooshea, naye hakuniambia niweke chini. Aliipokea mkononi mwangu, vidole vyake vikagusa vyangu, vilikuwa vya baridi. Akatafuta jiwe karibu na moto akakaa, akaanza kula, na mimi nikawa sijui nifanye nini na uso wangu.

Tulikuwa hivyo Ipyana alipotokea, anahema, dumu kila mkono. Alituona akasimama, akatazama kichaka, akatazama jiwe la katikati, akatutazama tena. Nadhani alifikiri amepanda kilima cha watu wengine.

"Weka maji chini," baba yake akamwambia. "Mkeo hana hata tone la kunywa."

Ipyana akaweka. Akakaa pembeni yangu, akaona sufuria ya maharage na dagaa haijaguswa, akajipakulia. Kwa njaa aliyokuwa nayo hakuuliza lolote.

Mzee alimaliza sahani ya pili, akaifuta kwa kidole. Akaniangalia, na mimi kwa mara ya kwanza nikamwangalia. Ana macho ya mume wangu. Sikuwa nalijua hilo.

"Kesho tukifika," akasema, "usiende kwa jirani. Pita mlango wa mbele. Jiko la mama yako utalikuta na vumbi, maana tangu tumzike sijaruhusu mtu aliwashe." Akavuta fimbo yake karibu. "Wale mabinti walipikia nje, na walipotaka kuliwasha niliwarudisha kwao. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe, na sikujua nianzie wapi."

Nililia pale pale mbele yake, uso wazi, na hakuna aliyeniambia nirudi nyuma ya kichaka.